Kabla ya Kumlalisha Exaucée

Exaucée alipoacha kulia, ndipo Martine alipoogopa kweli. Tangu juzi mtoto alikuwa akilalamika tumbo, akijikunja na kujinyoosha kitandani, akimwita mama, akimwita baba, akimwita hata bibi yake aliyekuwa anakaa mtaa mwingine. Asubuhi hiyo akanyamaza. Alilala chali, magoti ameyainua, macho wazi, akitazama mabati ya nyumba. Martine akapitisha mkono chini ya blanketi, akagusa tumbo. Lilikuwa gumu kama meza.

"Papa Exaucée!" aliita. "Kuya uone mutoto!"

Mumewe, Anaclet Kapya, alikuwa uani akinyoa ndevu mbele ya kioo kilichoegemezwa dirishani. Alikuwa muuguzi wa usingizi: ndiye aliyewalalisha wagonjwa kwa dawa kabla daktari hajawapasua, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka mingi katika hospitali moja ya mjini. Lakini kwenye avenue yao, pale Kamalondo, hakuna aliyemwita muuguzi. Walimwita docteur, na yeye alikuwa ameacha zamani kuwasahihisha.

Homa ya binti yake ilipoanza, wiki iliyotangulia, alimtazama ulimi, akamgusa shingo, akasema ni palu, yaani malaria. Alitundika chupa ya maji ya sérum kwenye msumari wa kalenda, akamtia kwinini. Homa ilishuka, ikarudi. Akasema palu ya siku hizi ni kaidi. Martine alipouliza kama isingefaa kumpeleka hospitali, alimjibu akicheka kwamba hospitali ndiyo hiyo, imeshakuja nyumbani.

Sasa aliingia na povu la sabuni shavuni, akainama, akabonyeza tumbo kwa vidole viwili, akauondoa mkono upesi. Exaucée hakupiga kelele. Aliuma mdomo tu.

"Ni nini?" Martine aliuliza.

"Tafuta liputa, umufunike. Tunaenda."

"Ni ile palu?"

Anaclet alitoka kutafuta teksi, na alikuwa ameshafika barabarani alipokumbuka kwamba nusu ya uso wake bado haijanyolewa.

*

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati ambapo baridi ya Lubumbashi huwafanya watu wavae makoti hata saa nne za asubuhi. Kwenye baraza la hospitali akina mama walikuwa wamepanga foleni, watoto wamefungwa migongoni chini ya mablanketi. Anaclet aliipita foleni yote akiwa amembeba Exaucée mikononi. Mlinzi alimfungulia mlango bila kumuuliza kitu.

"Na siye?" mwanamke mmoja alisema kwa sauti. "Batoto yetu habagonjwe?"

Martine, aliyekuwa akimfuata mumewe nyuma, alisikia aibu ikimpanda shingoni. Hata hivyo hakusimama.

Daktari wa upasuaji, docteur Stéphane, alimpokea mtoto mwenyewe. Alikuwa kijana kwa Anaclet, na miaka yote waliyofanya kazi pamoja alimheshimu. Alimpima Exaucée taratibu, akiuliza maswali bila kuinua macho.

"Homa ilianza lini?"

"Wiki iliyopita," Anaclet alisema.

"Alipelekwa wapi?"

"Alikuwa nyumbani."

"Anatibiwa na nani?"

Muuguzi aliyekuwa akipanga sindano alisimamisha mikono yake.

"Na miye," Anaclet alisema.

Daktari alitikisa kichwa mara moja, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu, kisha akamgeukia Martine. Kuanzia hapo alizungumza na mama.

"Mama, ni typhoïde. Haiko palu. Ile ugonjwa imetoboa utumbo, na uchafu wa utumbo unamwangika mu tumbo. Dawa peke yake haitaweza. Inafaa tumupasue, leo."

"Atapona?"

"Tusipomupasua, hapana."

Martine alimtazama mumewe. Anaclet alikuwa akitazama sakafu.

*

Sheria ya hospitali ilikuwa wazi: hakuna anayemlalisha mtoto wake mwenyewe. Aliyekuwa zamu siku hiyo ni Syntiche, msichana mwembamba, mpole wa sauti, aliyemaliza shule miaka michache tu nyuma. Anaclet ndiye aliyemfundisha. Ndiye aliyemshika mkono mara ya kwanza alipoingiza mpira wa hewa kooni mwa mgonjwa, na ndiye aliyemfokea mara ya pili alipokosea.

Syntiche alisalimia, akapiga magoti kando ya kitanda. Hakugusa tumbo. Alianza na mkono. Alipandisha kiganja chake kutoka vidoleni mwa Exaucée mpaka karibu na kiwiko, polepole, akitafuta mahali ambapo joto linaanzia. Alifunua magoti; ngozi ilikuwa na mabaka ya zambarau. Kisha akashika kidole cha kati cha mtoto, akabonyeza ukucha mpaka ukawa mweupe, akauachia, akahesabu kwa kunong'ona.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano."

Ndipo rangi ikaanza kurudi, kwa uvivu.

Martine hakuelewa kilichokuwa kikihesabiwa. Lakini alimwona mumewe akifumba macho kabla hesabu haijaisha.

Syntiche alisimama. "Docteur, siwezi kumulalisha sasa."

"Unasema nini?" Stéphane aliuliza. "Tumbo imejaa usaha. Tukichelewa, inazidi."

"Najua, docteur. Lakini damu haifike tena ku vidole. Iko mukavu. Munipatie wakati nimujaze maji kwanza, na antibiotique, na oxygène. Mikono ikipata moto kidogo, tunaingia."

"Wakati gani?" Anaclet alisema. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka.

"Mupaka damu ifike ku vidole, chef. Mupaka akojoe."

"Akojoe! Mutoto yangu iko anakufa, weye unangojea mukojo?"

"Chef..."

"Mulalishe na kétamine. Ile haishushe sana damu. Tunafanyaka vile kila siku."

"Hata kétamine, chef." Syntiche alisema akiyatazama mabega ya Anaclet, si uso wake. "Moyo wake inakimbia tangu siku mingi. Imechoka. Njo nyie mulitufundisha vile."

"Nilikufundisha! Basi nisikilize. Miye njo nilikufundisha, na ninakuambia: ingia bloc sasa."

Muuguzi wa sindano alitoka nje kimyakimya. Docteur Stéphane alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake. Yeye pia alitaka kuingia bloc, chumba cha upasuaji. Alijua kilichokuwa tumboni mwa mtoto na mikono ilikuwa ikimwasha kukitoa. Lakini saa ya kumlalisha mgonjwa huamuliwa na yule anayemlalisha, na daktari alikuwa akimwangalia Syntiche aone kama atasimama au atainama.

"Munifasirie miye," Martine alisema ghafla.

Wote walimgeukia. Alikuwa amesimama upande wa miguu ya kitanda, mkono wake umeshika unyayo wa mtoto.

"Miye njo mama. Hamuniambie kitu. Munasema vidole, munasema mukojo. Munifasirie."

Syntiche alimsogelea. "Mama, ku avenue yenu, maji ya bomba inafikaka?"

"Kidogo tu."

"Ikiwa kidogo, na bantu yote bafungue bomba mara moja, itakuwa je?"

"Ya mwisho bakose."

"Basi. Mu mwili muko mishipa midogo sana, midogo kupita uzi ya kushona. Ile ya ngozi, ya mikono, ya miguu. Sasa mwili ya Exaucée imeona damu ni kidogo, imeifunga ile yote, juu ya kubakishia moyo na kichwa. Njo maana vidole ni baridi. Ile dawa ya usingizi inafunguaka ile mishipa. Inaifungua yote, mara moja. Muntu mukubwa mwenye damu mingi anavumilia. Mutoto, na damu yake ni kidogo hivi... damu inatawanyika, moyo unabaki bila kitu ya kusukuma."

"Unasimama?"

"Unaweza kusimama, mama. Mbele docteur hajashika hata kisu."

"Na tukingoja?"

"Tukingoja sana, ile sumu ya tumbo pia itamuua. Sikudanganye."

Anaclet alisogea mbele. Uso wake, upande mmoja laini na upande mwingine una ndevu, ulikuwa umelowa jasho ingawa chumba kilikuwa baridi. "Mama Exaucée, usimusikilize. Huyu ni mutoto, anaogopa. Miye nimelalisha bagonjwa bingi babaya kupita huyu. Docteur iko pale, umuulize. Tukae hapa kuhesabia vidole, atatufia mu mikono."

Alikuwa akisema, na huku akisema, maneno mengine yalikuwa yakipita kichwani mwake, maneno yake mwenyewe, aliyokuwa akiyarudia kila mwaka mbele ya wanafunzi: mtoto mkavu hajazwi usingizi kabla hajajazwa maji. Aliyasikia vizuri. Lakini alikuwa amechelewa wiki nzima, na hakuweza kuvumilia kuchelewa tena hata kwa dakika moja. Alitaka kitu kifanyike. Chochote.

Martine alimgeukia.

"Papa Exaucée. Ingekuwa mutoto ya bengine, ungemulalisha sasa?"

Anaclet alifungua mdomo. Docteur Stéphane alirudisha miwani usoni.

"Nijibu," Martine alisema. "Mutoto ya ile mama wa ku foleni. Iko hapa, na ile vidole. Ungemulalisha?"

Nje mtu alikuwa akiita jina la mgonjwa, akiliita tena na tena. Anaclet aliutazama mkono wa binti yake juu ya shuka, mdogo, wenye rangi ya majivu.

"Hapana," alisema.

"Basi tunangoja," Martine alisema.

*

Kungoja kulikuwa kubaya kuliko ugomvi. Syntiche aliingiza sindano mbili, moja kila mkono, na maji yakaanza kushuka upesi kutoka kwenye chupa. Aliweka mpira wa mkojo. Alimfunika Exaucée mablanketi mawili na liputa, kile kitenge cha mama yake, juu. Kila baada ya muda mfupi alirudi, akabonyeza ukucha, akahesabu, akaondoka bila kusema. Martine alijifunza kuhesabu naye, midomo ikicheza bila sauti.

Anaclet hakupewa kazi. Alisimama karibu na mlango, akawa anawazuia wanaopita. Mara moja aliunyoosha mkono kurekebisha kasi ya matone, Syntiche akasema kwa upole, "Achieni, chef," naye Anaclet akauondoa mkono kama aliyeunguzwa.

Kisha mtoto akaanza kuzungumza mambo yasiyoeleweka. Alisema mwalimu amemwita. Alisema viatu vinambana. Pumzi zake zilikuwa fupi, na mbavu zilionekana zikipanda na kushuka chini ya liputa. Stéphane aliingia, akamtazama Syntiche.

"Bado?"

"Bado, docteur."

"Syntiche. Nikiona anashuka, tutaingia vile alivyo."

"Ndiyo, docteur."

Daktari alipotoka, msichana aligeukia ukuta kidogo, akajifuta uso kwa mkono wa koti. Martine aliona. Hofu ikamshika upya: labda mume wake alikuwa na haki, labda ameua mtoto wake kwa swali moja. Alimtafuta Anaclet kwa macho. Yeye alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, uso karibu na mfuko wa mkojo uliotundikwa kando ya kitanda, akiutazama.

"Inakuya," alisema.

"Nini?"

"Inakuya! Syntiche! Kuya uone!"

Mkojo ulikuwa kidogo, mweusi kama chai, lakini ulikuwa unatiririka. Syntiche alikimbia. Alibonyeza ukucha.

"Moja. Mbili. Ta..."

Rangi ilikuwa imerudi. Hakumaliza kuhesabu. Alikuwa tayari amefungua breki ya kitanda, anasukuma.

*

Mlangoni pa bloc kulikuwa na mstari mwekundu uliochorwa sakafuni. Anaclet alikuwa ameuvuka maelfu ya mara. Sasa mfagiaji, mzee aliyezoea kumsalimia kila asubuhi, alisimama mbele yake na ufagio.

"Munisamehe, papa Anaclet. Leo muko muzazi."

Alikaa kwenye benchi la mbao. Mama mkwe wake, Léonie, alikuwa amefika. Alikuwa mwanamke mnene wa Kikasai, mwenye duka la vitambaa, na hakuwahi kuficha kwamba alitarajia binti yake apate mume wa aina nyingine. Alimkumbatia Martine, akalia kidogo, akajifuta, kisha akakaa upande wa pili wa benchi.

"Bukwe," alisema. Ndivyo alivyomwita mkwe wake akiwa na hasira. "Banakuita docteur."

"Ndiyo, mama."

"Mutoto anagonjwa wiki muzima mu nyumba ya docteur."

"Ndiyo, mama."

"Mungenipigia hata simu. Miye sina masomo. Ningemubeba ku mugongo."

"Mama, wacha," Martine alisema.

"Niache nini? Nasema uongo?"

"Hamusemi uongo," Anaclet alisema.

Mlango wa bloc ulifunguliwa kidogo. Muuguzi mwenye barakoa alitoa kichwa. "Maji ya moto! Syntiche anaomba machupa ya maji ya moto, mingi, upesi. Mutoto anapoa, na ile réchaud yetu ya umeme haina courant."

Anaclet alisimama. Alijua maana yake. Mtoto aliyelala kwa dawa, mishipa ya ngozi yake ikifunguka, hutoa joto lake lote nje, kama nyumba iliyoachwa milango wazi wakati wa baridi. Na mwili ukipoa, damu nayo hukataa kuganda, na moyo huanza kukosea.

"Ni wapi banapata moto hapa?" Léonie aliuliza.

"Nyuma," Anaclet alisema. "Ku bamama."

Nyuma ya hospitali, chini ya paa la bati lisilo na kuta, wanawake wanaowahudumia wagonjwa wao walikuwa wakipika kwenye mbabula za makaa. Martine alifika akikimbia, akasimama, akakosa maneno. Alimwona yule mwanamke wa foleni, yule aliyeuliza kama watoto wao hawaugui. Alikuwa akichochea uji.

"Mutoto yangu iko bloc," Martine alisema. "Anapoa. Banaomba maji ya moto."

Mwanamke yule alimtambua. Alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Kisha akaipua sufuria ya uji, akaiweka chini kwenye vumbi, akaweka birika juu ya makaa yake.

"Jina yangu Mujinga," alisema; ni jina la Kiluba, si tusi. "Lete machupa. Bamama, acheni bukari kwanza!"

Sufuria za ugali zikaipuliwa, za maji zikawekwa. Walikusanya chupa za plastiki zilizokuwa na mafuta, za soda, za maji ya baraka ya kanisani. Anaclet ndiye aliyezijaza, akichanganya maji ya moto na ya baridi, akijaribu kila chupa upande wa ndani wa mkono wake.

"Mbona unatia baridi?" Léonie alimfokea. "Banasema moto!"

"Ngozi ya aliyelala haina uwezo wa kukataa, mama. Itaungua na hatasema. Hivi, joto ya kuogea. Kisha tunaifunga na kitambaa."

Léonie alivua kilemba chake, akakipasua kwa meno vipande vipande, akaanza kufunga chupa. Anaclet alizibeba mpaka mstari mwekundu, akaziweka sakafuni upande wake, mfagiaji akazisukuma upande wa pili. Alirudi, akabeba nyingine. Alifanya hivyo mpaka muuguzi akasema basi.

*

Docteur Stéphane alitoka jua likiwa limegeukia magharibi. Alikuwa na alama za kamba za barakoa mashavuni.

"Matobo mawili," aliwaambia. "Nimeyafunga. Nimeosha tumbo. Bado hatujafika, mama. Siku hizi zinazokuja njo zitatuambia. Lakini ametoka bloc anapumua peke yake."

Martine alimshika daktari mikono miwili na hakuweza kuiachia. Léonie alipiga magoti palepale, akaanza kusali kwa Kiluba. Anaclet alisema aksanti, akasikia sauti yake imetoka kama ya mtu mwingine, kisha akaenda kumtafuta Syntiche.

Alimkuta kwenye chumba kidogo cha kubadilishia nguo, mlango wazi, amekaa juu ya kreti ya soda. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alipomwona alitaka kusimama.

"Kaa," Anaclet alisema. Yeye mwenyewe alibaki mlangoni. "Nimekuya kuomba samahani."

"Chef, iko bule, si kitu. Muko muzazi."

"Haiko bule. Nilijua. Vile ulikuwa unasema, nilijua uko na haki. Nikakusukuma."

Syntiche aliweka kikombe chini. Alitafakari kama aseme, na akasema.

"Chef, hata vile tulimujaza... nilimupatia kétamine kidogo sana, nusu ya ile ningemupatia mwingine. Kidogokidogo. Na pouls, ile mapigo ya moyo, ikapotea. Nilikuwa nimeshika mukono, nikasikia imepotea mu vidole vyangu. Ku shingo ilikuwa bado, mbali, mbali. Nikatia maji, nikatia adrénaline kidogo. Docteur alisimama na kisu hewani. Kisha ikarudia."

Anaclet alishika fremu ya mlango.

"Kama tungeingia ile saa ya kwanza," alisema.

"Haingerudia, chef."

Mahali fulani ndani, vyuma vya upasuaji vilikuwa vikioshwa, vikigongana kwenye beseni.

"Munasema mulinisukuma," Syntiche aliendelea, akitazama mikono yake. "Niwaambie kitu. Ile mara ya pili, muliposema nyie njo mulinifundisha, nilikuwa nimeshakubali. Ndani yangu. Nilisema, nani miye kumukatalia chef? Nilikuwa nafungua mudomo. Njo mama akasema, munifasirie. Mungesema mara moja tena tu, ningemulalisha."

*

Kitanda cha Exaucée kilikuwa kimesogezwa karibu na dirisha. Alikuwa na mpira puani, bandeji kubwa tumboni, na midomo iliyopasuka kwa ukavu. Alilala. Martine alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma, ameegemeza kichwa kwenye godoro. Léonie alikuwa ameenda kumrudishia Mujinga birika lake.

Anaclet alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. Alimweleza mkewe yote, kama alivyoelezwa. Hakupunguza neno. Alipofika kwenye maneno ya mwisho ya Syntiche, alisimama kidogo, kisha akayasema nayo.

Martine alisikiliza bila kuinua kichwa. Baadaye alinyoosha mkono akarekebisha liputa begani mwa mtoto, ingawa lilikuwa limekaa vizuri.

"Miye pia," alisema. "Siku ile homa ilirudia, weye ulikuwa ku kazi. Nilimuvalisha nguo, nilimuvalisha na viatu, juu ya kumuleta hapa. Ukafika. Ukauliza, munaenda wapi? Nikakuambia tunaenda kwa mama. Kisha nikamuvua viatu."

"Juu ya nini haukusema?"

"Sijui. Nilikuogopa."

"Miye?" Anaclet alisema, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Sijakupiga hata siku moja. Sijakutukana."

"Haukunipiga. Ulikuwa tu unajua kila kitu."

Alitafuta jibu, na yote aliyoyapata yalikuwa maelezo. Aliyaacha. Nje ya dirisha akina mama walikuwa wakiwasha upya mbabula zao, na moshi wa makaa ukaingia kidogo. Martine alinyanyuka akafunga kioo, akarudi, akakaa. Hakumgusa mumewe, wala hakusogeza kiti chake mbali naye.

Muuguzi wa zamu ya jioni aliingia na sinia la dawa. Alipomwona Anaclet uso ulimchangamka.

"Ah, chef! Kumbe ni mutoto yenu! Basi kazi itakuwa mwepesi. Niwaonyeshe: dawa hii ni kila..."

"Umuonyeshe mama yake," Anaclet alisema.

"Lakini chef, nyie munajua zote hizi."

"Umuonyeshe yeye. Miye nitasikiliza."

Muuguzi alisitasita, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akamgeukia Martine, akaweka sinia juu ya kitanda, akaanza kueleza tangu mwanzo.